Wanafunzi wanne waliopotea kwenye jumla: nilichojifunza kuhusu fanksheni ndogo za kutafuta na kuhesabu

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetunza programu ya matokeo ya shule, au programu yoyote inayotafuta watu kwenye orodha na kuwahesabu kwa makundi. Nimeona mistari michache ya msimbo ikiwafuta wanafunzi bora wa kidato kizima, ikawakalisha walioshindwa kwenye nafasi zao, na programu isitoe hata onyo moja. Kazi ya kuirekebisha ilinifundisha kuheshimu vitu ambavyo waandishi wengi wa programu huvipita haraka: fanksheni (kipande kidogo cha msimbo chenye jina na kazi yake) ya kutafuta na fanksheni ya kuhesabu.

Shule yenyewe ni sekondari ya kutwa, na jina lake nitalihifadhi. Namba nitakazotaja nimezibadilisha kidogo ili isitambulike, ila mwenendo wake ni uleule. Programu ilikuwa ya lugha ya PHP, imeandikwa na mtu aliyekwishaondoka, na ilikaa kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma ndani ya XAMPP, kifurushi cha kuendeshea PHP kwenye kompyuta ya kawaida, yenye PHP 7.2. Walimu wanaingiza alama, programu inatoa gredi (A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F), inajumlisha pointi za masomo saba bora, kisha inampa kila mwanafunzi daraja lake, pointi chache zikiwa ndizo bora: pointi 7 hadi 17 Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne, na 34 au 35 ni ziro. Mwisho inachapa jedwali la muhtasari.

Baada ya mtihani wa Mock wa kidato cha nne jedwali lilisomeka hivi: Daraja la Kwanza 31, la Pili 18, la Tatu 37, la Nne 62, ziro 0. Likasomwa kwenye kikao cha walimu, watu wakapiga makofi, likabandikwa ubaoni. Mzazi mmoja akalipiga picha, na kabla ya jioni lilikuwa limeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Aliyelikamata ni mwalimu wa taaluma, mama mmoja ambaye shuleni wote wanamwita Madam. Alikaa na kalkuleta akajumlisha safu ile: 148. Waliofanya mtihani walikuwa 152. Wanne hawakuonekana popote. Ndipo nilipopigiwa simu.

Nilimsalimia, akaitikia marahaba, akanisukumia karatasi. "Mdogo wangu, mimi sijui kompyuta yako inafikiri nini, lakini watoto wanne siwaoni, na hao thelathini na moja wa Divisheni Wani siwajui. Nimefundisha hiki kidato. Hawapo."

Alikuwa sahihi. Waliopata Daraja la Kwanza kwa kweli walikuwa wanne. Waliopata ziro ndio walikuwa 31.

Msimbo uliofanya haya niuweke hapa kama ulivyokuwa, nimepunguza tu urefu:

```php
$jumla = array_count_values($madaraja);
foreach ($jumla as $div => $idadi) {
    if ($div == "I")       $kwanza = $idadi;
    elseif ($div == "II")  $pili   = $idadi;
    elseif ($div == "III") $tatu   = $idadi;
    elseif ($div == "IV")  $nne    = $idadi;
    else                   $ziro   = $idadi;
}
```

Ukiusoma kwa haraka hauna tatizo. `array_count_values` inapokea arei (orodha ambayo kila kitu kina ufunguo wake) ya madaraja na kurudisha kila daraja na idadi yake. Lakini kwenye PHP, ufunguo wa arei ukiwa maandishi yanayofanana kabisa na namba kamili, PHP inaugeuza kuwa namba. Kwa hiyo "I", "II" na wenzake walibaki maandishi, ila "0" ikawa namba 0. Halafu kwenye PHP 7 na matoleo yaliyotangulia, ukilinganisha namba na maandishi kwa alama `==`, maandishi ndiyo yanayogeuzwa kuwa namba, na maandishi yasiyo na namba ndani yake yanakuwa 0. Basi 0 == "I" ikajibu kweli. Wenye ziro wote wakaingia tawi la kwanza, wakaandikwa juu ya wale wanne, na tawi la mwisho halikufikiwa na mtu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kosa hili lilikuwa halionekani kila mwaka. `array_count_values` inapanga funguo kwa kufuata nani alitangulia kutokea kwenye orodha. Kama mwenye ziro wa kwanza anatokea kabla ya mwenye Daraja la Kwanza, idadi ya ziro inaingia, kisha inafutwa na idadi halali, na jedwali linaonekana sawa isipokuwa ziro inabaki 0. Na kwenye vidato ambavyo hakuna aliyepata ziro hakukuwa na cha kuharibika. Programu ilikuwa na kosa siku zote, ikisubiri tu mpangilio wa majina.

Nilipochapa majina ya wale wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja, nilipata hasira ambayo sikuitarajia kwenye kazi ya kompyuta. Mtoto amesoma miaka minne kwenye darasa lisilo na vitabu vya kutosha, amepanda mpaka juu, halafu jedwali la shule yake halimtambui kabisa.

Marekebisho ya mstari ule mmoja yangechukua dakika. Lakini nilipotafuta mahali pengine panapofanana na pale, nilikuta lupu (mistari inayorudiwa kwa kila kitu kwenye orodha) za kuhesabu na kutafuta zimenakiliwa na kubandikwa karibu kila faili: ripoti ya mwanafunzi, orodha ya nafasi, muhtasari wa somo, muhtasari wa mkondo. Kila moja imebadilishwa kidogo. Moja inalinganisha kwa `==`, nyingine kwa `===` (inayolinganisha bila kugeuza chochote), nyingine inatumia `empty()`, ambayo kwa PHP huihesabu "0" kuwa ni kitu kitupu. Kulikuwa na sehemu moja inayosafisha orodha kwa `array_filter` bila kuipa sharti lolote, na `array_filter` ikiachwa hivyo inatupa kila kinachohesabiwa kuwa uongo, pamoja na "0". Yaani wenye ziro walikuwa wanaondolewa kabla hata ya kuhesabiwa. Niliamua kuandika faili moja ya fanksheni ndogo, na kila ripoti iende kuchota humo.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hufungua kompyuta mapema mno. Kabla ya kuandika chochote nilikaa na Madam nikamwuliza maswali ambayo msimbo ule ulikuwa umeyajibu bila kumwuliza mtu. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata sifuri, asiyefika kwenye mtihani, na ambaye mwalimu wake bado hajaingiza alama: hawa ni watatu tofauti au ni mmoja?

Alinitazama kama vile nimeuliza kama maji yanalowesha. "Aliyekaa akapata sifuri amefanya mtihani. Anahesabiwa, na wastani unamhusu. Asiyefika anaandikwa ABS, yupo kwenye orodha ya darasa ila usimwingize kwenye wastani. Ambaye alama haijaingia, ripoti isichapwe mpaka niijue."

Maneno yale ndiyo yaliyokuwa ramani ya kazi yote. Nikayaandika juu kabisa ya faili kama maelezo, kwa Kiswahili chake. Sifuri ni namba 0, asiyefika ni maandishi "ABS", na alama isiyoingizwa ni `null`, yaani hakuna kitu. Vitu vitatu, alama tatu, na hakuna fanksheni inayoruhusiwa kuvichanganya.

Programu ya zamani ilikuwa inavichanganya vyote. Alama za somo zilihifadhiwa kama JSON, mtindo wa kuandika data kwa maandishi unaoruhusu aina tofauti pamoja, kwa hiyo kwenye arei moja ulikuta namba na maandishi pamoja. Kulikuwa na mstari unaouliza `in_array("ABS", $alama)`. Kwenye PHP 7 mwanafunzi mwenye alama 67, 0 na 45 alikuwa anajibiwa kwamba ana ABS, kwa sababu ileile ya 0 kuwa sawa na maandishi yoyote yasiyo na namba. Amefika, amekaa saa tatu chumbani, na ripoti inamwambia mzazi kwamba hakwenda. Kwa upande mwingine, wastani ulikuwa unapatikana kwa `array_sum` kugawanya kwa `count`. `array_sum` iliichukulia ABS kuwa sifuri, na `count` iliihesabu kama alama kamili. Mwenye 60, ABS na 40 alipewa wastani wa 33, ambao ni D, badala ya 50, ambao ni C.

Sasa fanksheni ya kutafuta. `array_search` ya PHP inarudisha mahali kitu kilipo, na kama hakipo inarudisha `false`. Mahali pa kwanza ni 0. Na ukiandika `if (!$k)`, yaani "kama hakuna $k", 0 na `false` ni kitu kimoja. Kwenye programu ile aliye juu kabisa ya orodha alikuwa anaambiwa "Mwanafunzi hayupo" kila alipotafutwa kwa namba, na katibu alikuwa amezoea kumtafuta kwa kushuka na kipanya. Walidhani ni hitilafu ya namba ya mtoto.

Ushauri utakaoupata mara nyingi ni kulinganisha na `false` kwa alama tatu, `===`. Ni ushauri mzuri, lakini unamtegemea kila atakayeiita fanksheni hiyo akumbuke, na katika shule atakayefuata ni mwalimu wa kompyuta aliyebanwa na vipindi. Wengine hubadilisha fanksheni irudishe `null` badala ya `false`. Haisaidii, maana `!$k` inaila `null` na 0 vilevile. Nilichofanya ni kuacha kabisa kumpa mwitaji namba ya mahali. Ninampa mwanafunzi mwenyewe:

```php
function tafuta_mwanafunzi(array $orodha, string $namba): ?array
{
    foreach ($orodha as $m) {
        if ($m['namba'] === $namba) {
            return $m;
        }
    }
    return null;
}
```

Rekodi ya mwanafunzi ni arei yenye jina, namba na mkondo, hivyo haiwezi kuwa tupu. Mwitaji akiandika `if (!$m)`, akiandika `if ($m === null)`, jibu ni lilelile na ni sahihi. Fanksheni ndogo nzuri kwangu mimi ni ile ambayo hata mtu aliyechoka hawezi kuitumia vibaya. Anayehitaji tu kujua kama yupo au hayupo nimemwekea nyingine, `yupo()`, inayorudisha kweli au uongo na basi. Na anayetafuta wengi, kwa mfano wote wa mkondo fulani, ana `tafuta_wote()`, ambayo hurudisha orodha kila wakati, hata kama ni tupu. Usiwe na fanksheni ambayo siku moja inarudisha mtu na siku nyingine inarudisha orodha ya watu.

Kwenye `tafuta_wote()` kuna mtego mdogo wa kuuangalia. `array_filter` huacha funguo za zamani, kwa hiyo matokeo yake yanaweza kuanzia 7 yakaruka hadi 12. Mwenzako akichukua `$wote[0]` anakuta hakuna kitu. Pitisha kwenye `array_values` kabla ya kurudisha.

Alama ile ya `===` ndani ya `tafuta_mwanafunzi` ina kisa chake. Shule ilikuwa inatoa namba kwa kuunganisha kidato, mkondo na nafasi, kwa mfano 3E2 ni kidato cha tatu, mkondo E, wa pili. Wanafunzi wa miaka ya nyuma walikuwa na namba tupu kama 300. PHP huisoma "3E2" kama namba ya kisayansi, yaani 3 mara 100, na kwa `==` inasema "3E2" ni sawa na "300". Mkondo E peke yake ndio uliokuwa unaleta rekodi za watu waliomaliza zamani. Tatizo hilo halikuondoka hata kwenye PHP 8, kwa sababu pande zote mbili zinahesabiwa kuwa maandishi ya namba. Vivyo hivyo kwa namba za simu: "0712000000" na "712000000" kwa `==` ni kitu kimoja. Namba ya mtu, ya simu, ya risiti, zote ni maandishi. Zilinganishe kama maandishi.

Fanksheni ya kuhesabu ndiyo niliyoipenda zaidi kuiandika.

```php
function hesabu_kwa_kundi(array $vitu, array $makundi): array
{
    $jumla = array_fill_keys($makundi, 0);
    foreach ($vitu as $k) {
        if (!array_key_exists($k, $jumla)) {
            throw new InvalidArgumentException("Kundi halijulikani: '$k'");
        }
        $jumla[$k]++;
    }
    return $jumla;
}
```

Mwitaji analazimika kutaja makundi yake mwanzoni. Faida ya kwanza ni kwamba kundi lisilo na mtu linabaki kwenye jedwali likiwa na 0. `array_count_values` haikutajii gredi ambayo hakuna aliyeipata, na zamani jedwali la Hisabati lilikuwa linachapwa bila safu ya A, kisha namba zinasogea kushoto, B inasomeka kama A. Faida ya pili ni kubwa zaidi: kitu kisichojulikana kinasimamisha kazi. Siku ya kwanza nilipoiendesha kwenye kumbukumbu za zamani haikumaliza hata kidato kimoja. Ilikuta "C " yenye nafasi nyuma yake, "b" ndogo, na herufi O iliyoandikwa badala ya sifuri. Vyote hivyo vilikuwa vikipita kimyakimya na kuangukia kwenye tawi la mwisho au kupotea. Katibu alianza kuniona kama mtu aliyekuja kuharibu programu iliyokuwa inafanya kazi, na ilibidi Madam aingilie kati. Jiandae kwa hilo. Ukiifanya programu iseme ukweli, wiki za mwanzo utalaumiwa wewe.

Funguo za madaraja nilizibadilisha ziwe "DIV-I" hadi "DIV-IV" na "DIV-0". Mtu anaweza kusema `===` ingetosha. Haitoshi. Ufunguo "0" unageuzwa kuwa namba, na `0 === "0"` ni uongo, hivyo ukiandika tawi la ziro kama `$div === "0"` badala ya `else`, wenye ziro wangetoka Daraja la Kwanza na kuingia pasipojulikana. Dawa ni kutotumia ufunguo unaoweza kudhaniwa kuwa namba.

Nafasi ya mwanafunzi darasani ni hesabu pia, ingawa wengi huifanya kwa kupanga na kutafuta. Nafasi yako ni idadi ya waliokuzidi, ongeza moja. Ukiiandika hivyo, wawili wakifungana kwenye nafasi ya pili wote wanakuwa wa pili, na anayefuata anakuwa wa nne, kama walimu wanavyotaka. Hakuna haja ya kupanga orodha, na hakuna haja ya sharti la pekee kwa waliofungana.

Kuhusu kasi, usianze nayo. Kwa wanafunzi 152 lupu yoyote inamalizika kabla hujapepesa jicho. Nilikutana na tatizo mahali pamoja tu, kwenye kutafuta namba za wanafunzi zilizojirudia kwenye kumbukumbu za miaka yote, takribani rekodi 5,000, ambapo kulikuwa na `in_array` ndani ya lupu. Hiyo ni hadi linganisho milioni 25, na kompyuta ile ya ofisi ilikuwa inaganda. Nilijenga arei ambayo funguo zake ni namba za wanafunzi, nikawa nauliza ufunguo upo au haupo, ikamalizika mara moja. Angalia tu kwamba `isset` inajibu "hakuna" pale thamani inapokuwa `null`. Kwetu sisi `null` ina maana ya alama isiyoingizwa, kwa hiyo `isset` ingemfanya mwanafunzi asiyejaziwa alama aonekane si mwanafunzi wa shule. Tumia `array_key_exists`.

Rafiki yangu alinisihi niandike utafutaji wa kugawanya orodha nusu kwa nusu. Nilikataa. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba fanksheni ya namna hiyo iliyokuwemo ndani ya lugha ya Java, aliyoiandika mwenyewe, ilikuwa na kosa lililokaa karibu miaka tisa: kujumlisha mwanzo na mwisho kabla ya kugawanya kwa mbili, na jumla hiyo kufurika, yaani kuzidi namba kubwa inayoweza kuhifadhiwa, orodha inapokuwa kubwa mno. Kama kosa liliweza kukaa humo muda wote huo, kwenye ofisi ya taaluma yenye orodha ya watu mia na hamsini sioni sababu ya kulialika.

Majaribio niliyaandika pamoja na Madam, yeye kwa kalamu na mimi kwa kompyuta. Orodha tupu. Orodha ya mtu mmoja. Anayetafutwa awe wa kwanza, kisha awe wa mwisho, kisha asiwepo. Wawili wenye alama sawa. Darasa ambalo wote wana ziro. Darasa ambalo nusu ni ABS. Yeye anaandika jibu kabla sijabonyeza, halafu tunalinganisha. Mara mbili majibu yake na yangu yalitofautiana kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa na pengo, na tukalijaza pale pale. Mtu asiyejua msimbo hata kidogo anaweza kukutengenezea majaribio bora kuliko yako, kwa sababu anajua watoto halisi.

Kama unatumia `assert()`, fanksheni ya PHP ya kuhakiki kwamba sharti ni kweli, kwa ukaguzi wa aina hii, kumbuka kwamba mipangilio ya PHP inayopendekezwa kwa seva za kazi huizima kabisa, na msimbo ulio ndani yake hauendeshwi. Ukaguzi ambao lazima ufanyike, kama ule wa kundi lisilojulikana, uandike kwa `if` na `throw`.

Nizungumzie fedha, maana hili halisemwi. Bei tuliyokubaliana ilikuwa ya "kurekebisha jedwali". Kuandika fanksheni zenyewe kulikuwa sehemu ndogo sana ya kazi. Muda mwingi ulikwenda kwenye kusafisha alama za zamani, kukaa na walimu wa masomo, na kuhakiki ripoti moja moja. Ukipewa kazi kama hii, taja bei ya mazungumzo na bei ya usafi wa kumbukumbu kando, kabla hujagusa faili. Shule nayo ilitumia karatasi na wino kuchapa upya ripoti zote, na mkuu wa shule alilazimika kusimama mbele ya walimu na kisha mbele ya wazazi kusema kwamba 31 zile zilikuwa ziro. Alisema bila kumtupia mtu lawama. Wale wanne waliitwa mbele ya gwaride la asubuhi wakapongezwa, na hilo lilinipa faraja kuliko malipo.

Baadaye tulihamia PHP 8. Toleo la 8.0, la Novemba 2020, lilibadilisha ulinganisho ule: sasa 0 == "I" ni uongo, na msimbo wa zamani ungeweza kutoa Daraja la Kwanza sahihi bila mtu kuugusa. Usifarijike sana na hilo. "3E2" na "300" bado ni ndugu, na `empty("0")` bado ni kweli.

PHP 8.4, ya Novemba 2024, imekuja na `array_find`, `array_any` na `array_all` ndani yake. Aliyekuwa ameandika fanksheni yake mwenyewe na kuiita `array_find`, programu yake inagoma kuwaka baada ya kuhama, kwa kuwa jina limeshachukuliwa. Jambo hilihili liliwakuta watu wa JavaScript. Fanksheni ya `includes` ilikusudiwa kuitwa `contains`, jina likabadilishwa kwa sababu maktaba ya MooTools ilikuwa tayari inalitumia kwenye tovuti nyingi. Majina yangu yalikuwa `tafuta_mwanafunzi` na `hesabu_kwa_kundi`, na sitarajii PHP kuyahitaji. Zaidi ya hapo, mwalimu anayefungua faili anaelewa nini kinafanyika kabla hajasoma mwili wake. Andika majina kwa Kiswahili bila aibu.

Shule ilipoanzisha kidato cha tano na cha sita sikuitwa. Mwalimu mpya wa kompyuta aliyafanya mwenyewe. Gredi za huko ni A, B, C, D, E, S na F, na daraja linatokana na masomo matatu, pointi 3 hadi 9 zikiwa Daraja la Kwanza. Aliandika orodha mpya ya makundi, akaongeza mizani ya pointi, akakaa na Madam na kalamu kwenye majaribio. Alinitumia ujumbe kuuliza jambo moja tu, kama mtahiniwa mwenye ABS kwenye somo moja kati ya matatu apewe daraja au asipewe. Nikamjibu kwamba hilo amwulize Madam, kisha jibu lake aliandike juu ya faili.